Capital kwa Kiswahili: mtaji, rasilimali, mji mkuu, makao makuu au herufi kubwa?

Mzee alinisogezea karatasi juu ya meza, akaweka kidole chini ya mstari wa nne. "Mwanangu, hapa umeandika kila mwanachama atachangia rasilimali yake. Rasilimali yangu mimi ni shamba la zabibu ekari mbili pale Mpunguzi, na ng'ombe kumi na mmoja. Ndiyo kusema niviingize kwenye kikundi?"

Katiba ile nilikuwa nimeifasiri mwenyewe. Nafanya kazi ya kuchapa na kufasiri nyaraka kwenye steshenari hapa Dodoma mjini, na kikundi chao cha wakulima kilikuwa kimepewa mfano wa katiba ulioandikwa kwa Kiingereza. Kwenye mstari wa nne kulikuwa na neno capital. Kamusi ilinipa mtaji na rasilimali, yakiwa yametenganishwa kwa mkato tu, nami nikachukua rasilimali kwa sababu lilisikika zito, neno la ofisini. Katiba ilishasomwa mbele ya wanachama kumi na wanane, na watatu walishaamua kujitoa kimyakimya. Kumbe kilichotakiwa ni shilingi 20,000 kwa kila mtu.

Tangu siku ile nikikutana na neno hili naweka kalamu chini kwanza. Linafika mezani kwangu karibu kila wiki: kwenye fomu za mikopo, hotuba za bajeti, insha za wanafunzi wa chuo, vipeperushi vya utalii, nakala za hukumu. Kwa Kiingereza ni neno lilelile. Kwa Kiswahili ni maneno saba au nane, na ukiliweka moja mahali pa jingine mtu anaweza kukosa usingizi kwa ajili ya shamba ambalo hakuna aliyemwomba. Nimeyapanga hapa kwa jinsi yanavyogombania nafasi, ili ukikwama ujue la kuchukua.

Kichwa kimoja

Asili yake ni Kilatini, caput, yaani kichwa. Mji ulio kichwa cha nchi. Herufi inayokaa kichwani mwa andiko. Fedha iliyo kichwa cha deni, ambayo riba huota juu yake. Kosa ambalo mtu hulilipa kwa kichwa chake. Hata neno la Kiingereza la ng'ombe, cattle, limetoka humohumo: katika Kilatini cha zama za kati capitale lilikuwa mali, na kwa mkulima wa enzi zile mali iliyoweza kuhamishwa ilikuwa mifugo kuliko kitu kingine chochote. Mgogo hana haja ya kufafanuliwa hilo. Kwa wazee wa huku, ukimuuliza mtu ana mali gani umemuuliza ana ng'ombe wangapi.

Kiswahili nacho kina kichwa chake, na hakikukitoa Ulaya. Rasilimali ni Kiarabu, ra's al-mal: ra's ni kichwa, mal ni mali. Kichwa cha mali. Ndiyo ileile rasi tunayoiona kwenye ramani ya pwani, nchi kavu iliyochomoza baharini kama kichwa, na Waingereza nao huiita cape, kutoka caput hiyohiyo. Nilipoyaona haya nilifurahi kama mtu aliyekuta ndugu zake ugenini. Nikaelewa pia kwa nini kamusi inaliweka rasilimali jirani na capital: kwa asili ni mapacha. Ila mapacha hawa wamekulia nyumba mbili, na leo ukimwita mmoja anaweza asiitike mwenzake.

Mtaji au rasilimali?

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wasikilize watu wa soko la Majengo. "Mtaji umekata." "Kala mtaji." "Nimeongeza mtaji kidogo." "Mtaji wenyewe huu, nauzungusha hivyohivyo." Mtaji kwa Kiswahili ni kitu unachokitoa mkononi kwa nia kwamba kitarudi na kitarudi na mwenzake. Una mwendo. Unakua, unazunguka, unakatika, unafufuliwa kwa mkopo wa kikoba. Jaribu vitenzi hivyo kwa rasilimali na utaona vinavyogoma. Muuza nyanya aliyetumia hela ya kesho kununulia watoto viatu, hakuna atakayesema amekula rasilimali. Na ukisikia fulani kala rasilimali, anayesemwa ni mwenye cheo na kilicholiwa ni mali ya umma.

Rasilimali leo ni kile ulicho nacho chenye manufaa, kiwe kinatumika au kimelala. Ardhi, maji, misitu, madini, watu wenyewe. Zinatunzwa, zinagawanywa, zinaporwa, zinarithiwa. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, kitu hicho kingekuwepo hata kama biashara isingeanzishwa? Kama kingekuwepo, ni rasilimali. Kama kimewekwa kwa ajili ya biashara na biashara ikifa nacho kinakwenda, ni mtaji.

Kuna mama lishe mmoja karibu na ofisi yetu. Asubuhi anatoka na shilingi 60,000: unga, mafuta, maharage, mkaa, nyanya za kutosha siku moja. Jioni akihesabu ana 78,000. Sitini ni mtaji, kumi na nane ni faida, na kabla hajafungua kinywa kuomba chai anazitenga, sitini kwenye mfuko wa ndani wa aproni, kumi na nane kwenye pochi. Jiko, masufuria na benchi la wateja anaviita vyombo. Mhasibu atasema hivyo navyo ni mtaji, na kwa Kiingereza yuko sahihi. Kwa hiyo ukifasiri mahesabu, tenganisha: vyombo, mashine na majengo viite mtaji wa kudumu au mali za kudumu, na ile sitini iite mtaji wa kuendeshea. Kwa mazungumzo, mtaji wa kuzungusha ndio unaoeleweka bila maelezo. Nimeshaona "mtaji wa kufanya kazi" kwenye fomu; wasomaji watatu niliowaonyesha walidhani ni nauli na chakula cha mfanyakazi.

Turudi kwa mzee na zabibu zake. Mzabibu ukipandwa Dodoma hukaa kama mwaka mmoja na nusu kabla ya mavuno ya kwanza, kisha unavunwa mara mbili kwa mwaka. Kabla ya mvuno huo wa kwanza mkulima ameshazika fedha kwenye miche, samadi, nguzo, waya, vibarua wa kupogoa, dawa ya ukungu. Hizo zote ni mtaji wake. Ardhi iliyo chini ya mizabibu ni jambo jingine. Hata vitabu vya uchumi vya shule vinavitenganisha: ardhi peke yake, nguvukazi peke yake, mtaji peke yake. Kwa maneno mengine, Kiingereza cha ile katiba hakikuwa kimemdai mzee shamba. Aliyemdai ni mimi, kwa kuokota neno la Kiswahili linaloikumbatia ardhi na kuliweka mahali pa neno lililoiacha nje.

Na mzee alikuwa na sababu nzuri ya kulisikia vile. Watu wa rika lake wamelishwa rasilimali kwa maana ya taifa: rasilimali za nchi ni za wote. Walifundishwa kwa Azimio la Arusha la 1967 kwamba ili tuendelee tunahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Ardhi imo, ya pili kutajwa. Karatasi ikija na muhuri na kusema changia rasilimali yako, mtu kama huyo anafikiri mara moja juu ya ardhi, na anafikiri kwamba inaondoka.

Tuliuandika upya mstari wa nne hivi: "Kila mwanachama atachangia mtaji wa shilingi 20,000. Shamba, mifugo na nyumba ya mwanachama si sehemu ya mtaji wa kikundi." Sentensi ya pili haikuwepo kwenye Kiingereza. Niliiongeza kwa ridhaa ya kikundi, na sijutii. Mzee alinitaka niisome mara mbili. "Haya sasa," akasema, "hapo nimeona elfu ishirini."

Kwa hiyo uamuzi wangu kwa hati yoyote ya fedha ni mtaji. Serikali yenyewe imeshachagua hivyo: chombo kinachosimamia soko la hisa kinaitwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Fedha ya wanahisa ni mtaji wa hisa. Kamusi za zamani zitaendelea kukupa rasilimali, na kwa historia ya neno haziongopi, lakini anayetia dole gumba kwenye hati anakwenda na maana ya leo.

Rasilimali libakie pale linaposhika vizuri. Maji ya bwawa ni rasilimali. Idara ya ajira na likizo ni ya rasilimali watu. Hapo lakini pana mtego, kwa sababu kuna capital nyingine ya watu: ile ya wachumi, wakimaanisha elimu, ujuzi na afya alivyo navyo mtu na ambavyo vinaweza kuongezwa kwa kuwekezwa. Wengi wanaiita nayo rasilimali watu, na msomaji anawaza idara inayoshughulikia likizo. Mimi naandika mtaji wa elimu na ujuzi. Ni refu, ila hakuna anayepotea.

Maana nyingine za mbali Kiswahili kimeshazimeza vizuri. Mwanasiasa anayekwenda msibani na wapiga picha tunasema anatafuta mtaji wa kisiasa, na hakuna mtu wa hapa asiyejua maana yake. Imani inayowafanya wanawake thelathini wakopeshane kwenye kikoba bila hati ya nyumba ni mtaji wa kijamii. Na yule aliyetunga maneno ya khanga, mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, alikuwa ameshaonyesha kwamba neno hili halikufungwa kwenye noti.

Mtaji au deni la msingi?

Jedwali la marejesho ya mkopo mara nyingi lina safu mbili: capital na riba. Ukiandika mtaji kwenye safu ya kwanza, mkopaji anaona kila mwezi mkopeshaji anamtaka arudishe mtaji, yaani ile fedha aliyoiweka dukani. Mteja mmoja alifika kwangu akiwa ameanza kuuza bidhaa kwa hasara ili autoe "mtaji" huo. Jedwali lilikuwa linasema kitu chepesi zaidi: katika rejesho la mwezi, hiki ni kipande cha fedha uliyokopa, hiki ni kipande cha riba.

Andika deni la msingi, au mkopo wenyewe ukitaka kushuka kabisa. Mtaji ni wa mkopaji. Deni la msingi ni la mkopeshaji. Hela ni ileile, noti kwa noti, ila ikikaa kwenye kaunta ya duka ina jina moja na ikikaa kwenye daftari la benki ina jina lingine.

Kuna pia kodi wanayokutana nayo wauzaji wa viwanja, na Dodoma wauzaji wa viwanja ni wengi tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016. Kwa Kiingereza ni capital gains tax, kodi ya ile tofauti kati ya bei uliyonunulia na bei uliyouzia. Watu huitafsiri kodi ya ongezeko la mtaji. Anayeuza kiwanja alichoachiwa na baba yake hajioni kama mtu mwenye mtaji, basi anairuka sehemu hiyo ya fomu. Andika kodi ya faida ya kuuza ardhi au jengo, na maana inamfikia.

Kwa bajeti ya Serikali, ukikutana na capital expenditure, usihangaike kubuni: maneno ya bungeni ni matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Barabara, zahanati na mitambo viko kwenye ya maendeleo. Yafuate hayo.

Bepari au mwekezaji?

Mfumo wa uchumi unaobeba jina la capital ni ubepari, na usiunde neno jipya. Inapendeza kujua kwamba bepari limefika kwetu kutoka lugha za Wahindi, na huko lilikuwa mfanyabiashara tu, mtu mwenye duka. Miaka ya ujamaa ndiyo iliyolipa makali. Mpaka leo ukimwita mtu bepari hujamtaja kazi yake, umemhukumu. Kwa hiyo kama maandishi yanachambua mfumo au yanaushambulia, bepari na ubepari. Kama yanamtaja mtu aliyeleta fedha kujenga kiwanda cha kukamua alizeti, mwekezaji au mwenye mtaji. Nimeshakataa kuandika bepari kwenye barua ya kumshukuru mfadhili, japo kamusi ilinipa ruhusa.

Mji mkuu, makao makuu, jiji

Hapa Dodoma jambo hili ni la nyumbani, na utakuta watu wanayachanganya maneno matatu kwenye sentensi moja.

Mji mkuu ni mji ulio kichwa cha nchi. Hiyo -kuu si ya ukubwa wa eneo wala wingi wa watu. Ni ileile ya mwalimu mkuu na waziri mkuu, ya kutangulia. Ndiyo maana Dar es Salaam kuwa na watu wengi zaidi hakuinyang'anyi Dodoma chochote. Mtu akikuuliza darasani mji mkuu wa Tanzania ni upi, jibu ni Dodoma, bila nyongeza.

Makao makuu yametoka kwenye kukaa. Ni pale mkubwa alipoketi na anapotolea maamuzi. Yanaweza kuwa ya nchi, ya chama, ya benki, ya jeshi, ya dayosisi. Yana wigo mpana kuliko mji mkuu, na ndiyo yaliyobeba historia ya mji wetu. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba Serikali itoke Dar es Salaam ije huku, chombo kilichopewa kazi ya kupima na kujenga kikaitwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Kwa Kiingereza lilikuwa neno letu hili, capital, lakini waliolipa jina la Kiswahili hawakuchukua mji mkuu. Mimi nadhani walichagua vizuri. Mwaka ule Dodoma ilikuwa mji mdogo wa reli kwenye nchi kame. Kilichokuwa kinahama ni kiti cha Serikali, na makao ndiyo yanayohama. Mamlaka hiyo, ambayo wakazi tuliizoea kwa kifupi chake cha Kiingereza, CDA, ilivunjwa mwaka 2017, lakini jina limebaki midomoni. Mtu akishuka kwenye treni leo anapokewa kwa "karibu makao makuu", si "karibu mji mkuu".

Jiji ni hadhi ya kiutawala, ya serikali za mitaa. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, siku ya sherehe za Muungano, na hapo manispaa ikawa Halmashauri ya Jiji. Mwanza ni jiji, Arusha ni jiji, Tanga ni jiji, Mbeya ni jiji. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo mji mkuu. Mwaka huohuo wa 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Matukio mawili, mwaka mmoja, maneno mawili tofauti. Wanafunzi huyageuza kuwa moja, wanaandika Dodoma ilikuwa mji mkuu baada ya kupewa hadhi ya jiji, na sentensi inasimama upande.

Tofauti ya mji mkuu na makao makuu inakuwa ya lazima unapofasiri habari za nchi za nje. Uholanzi mji mkuu ni Amsterdam, lakini Serikali na Bunge vinakaa The Hague. Bolivia mji mkuu kikatiba ni Sucre, na makao makuu ya Serikali yako La Paz. Afrika Kusini imegawa: Serikali Pretoria, Bunge Cape Town, mahakama kuu ya rufaa Bloemfontein. Ukiwa na neno moja tu hutaweza kulieleza hilo. Kwa bahati sisi tunayo mawili, na Tanzania kwa miaka mingi iliyaishi yote mawili kwa vitendo, uamuzi ukiwa Dodoma na ofisi nyingi zikiwa bado pwani.

Kwa hiyo: nchi kwenye ramani na kwenye maswali ya shule, mji mkuu. Sheria, barua za Serikali na mambo ya kuhamisha ofisi, makao makuu ya nchi au ya Serikali. Mkoa na wilaya, makao makuu daima. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na ukiandika mji mkuu wa Mkoa wa Pwani mtu wa Kibaha mwenyewe atashtuka. Majimbo ya Marekani yanakubali mji mkuu, maana yana mabunge na magavana wao: Albany ni mji mkuu wa jimbo la New York. Na jengo la Bunge lao pale Washington, Capitol, huandikwa kwa herufi o, si a, na asili yake ni jina la kilima cha Roma. Hilo usilifasiri mji mkuu hata kidogo. Ni jengo.

Kitovu

Mwanafunzi mmoja aliniletea kipeperushi cha utalii: "Dodoma ni mji mkuu wa zabibu Tanzania." Alikuwa amefasiri neno kwa neno. Nikamwambia, dada, zabibu hazina Bunge. Alicheka, lakini alitaka kujua aandike nini, na ni swali la haki, kwa sababu Kiingereza hupenda sana kuutaja mji kuwa capital ya kitu fulani: ya mitindo, ya sinema, ya kahawa. Sisi kwa hilo tunakwenda kwenye kiungo kingine cha mwili. Dodoma ni kitovu cha zabibu. Kibaigwa ni kitovu cha biashara ya mahindi. Kichwa hutawala, kitovu ndipo vitu vinapokutana na kulishwa. Kwa zabibu, mahindi na alizeti, kitovu kina ukweli zaidi.

Herufi kubwa

"Jaza fomu hii kwa herufi kubwa." Huo ndio ufasiri wetu, na hakuna mwingine unaoshindana nao, tatizo ni kwamba wengi wanausoma kwa macho ya kawaida. Mama mmoja aliyekuja kuomba nakala ya cheti cha kuzaliwa aliandika jina lake kwa herufi ndogo zilizojaa kisanduku kutoka juu hadi chini, nzuri, za mviringo, kubwa kama alivyoagizwa. Fomu ikarudishwa. Alitoka Mvumi, nauli kwenda na kurudi, siku nzima imepotea.

Alisoma sawasawa. Herufi zake zilikuwa kubwa. Kiingereza kilisema herufi za kichwani, zile za kuanzia andiko, nasi tukaziita kubwa, na shuleni tunafundishwa tofauti ya A na a mpaka inakuwa desturi. Aliyeacha shule mapema, au aliyesoma miaka mingi iliyopita, hana sababu ya kulikumbuka fundisho hilo mbele ya dirisha la ofisi. Kwa hiyo, ukiandaa fomu, usiishie kwenye herufi kubwa. Weka mfano mstari huohuo: andika hivi, ASHA, usiandike asha. Haigharimu hata nusu ya mstari.

Machache yaliyobaki

Kosa ambalo hukumu yake ni kunyongwa: adhabu ya kifo. Nimeona "adhabu kuu" kwenye kazi za wanafunzi wa sheria, na mtu anaweza kudhani ni faini kubwa. Kwenye uhai wa mtu usitumie neno la kupamba.

Kwenye majengo, ile sehemu ya juu ya nguzo iliyochongwa na kutanuka kabla ya kubeba boriti ni kichwa cha nguzo. Kiswahili na Kilatini hapa vimekutana bila mkalimani.

Na ukisoma riwaya za Kiingereza za zamani utamkuta bwana mmoja anapiga goti lake na kusema "Capital!" Anasema safi sana.

Wiki iliyopita aliingia kijana wa chuo na sentensi moja ya Kiingereza iliyokuwa na neno hili mara nne. Alikuwa ameshaiweka kwenye programu ya kufasiri ya kwenye simu, ikamrudishia mtaji, mtaji, mtaji na mtaji. Tulikaa nayo kama dakika ishirini, chai ikapoa. Hii ndiyo aliyoondoka nayo: "Tangu Dodoma ianze kupokea ofisi za Serikali kama makao makuu ya nchi, matumizi ya maendeleo yameongezeka, lakini wafanyabiashara wadogo bado wanakosa mtaji wa kuendeshea, na vijana wengi hawana mtaji wa ujuzi unaohitajika kwenye miradi hiyo." Aliisoma kwa sauti, akaomba kalamu, akakata neno "hiyo" la mwisho na kuandika "inayojengwa mbele ya macho yao".

Nikamwachia. Lilikuwa bora.